Boti ya mtumba iliyolala muda mrefu: nianze na injini au trela?

Mkazi wa Pasua: Habari zenu wakuu. Nimenunua boti ndogo ya faiba kutoka Tanga, yenye injini ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili, pamoja na trela lake. Ilikaa bandani miaka mingi kabla ya kuletwa Moshi juu ya lori, na sasa nakusudia kuivuta kwa gari hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu. Muuzaji anadai nikiweka petroli mpya itawaka. Nikague nini kabla ya kuvuta kamba ya kuiwasha?

Fundi Mstaafu: Ndugu, huenda itawaka kweli, lakini hoja ni kama itapoa. Kwenye mguu wa injini mna pampu ya maji yenye impela ya mpira, ambayo ikikaa muda mrefu mapezi yake hukakamaa yakiwa yamepinda na kushindwa kusukuma maji, hivyo injini huweza kuungua huku ikinguruma vizuri kabisa. Badilisha impela hata kama inaonekana nzima. Kwa kuwa injini imetoka baharini, fungua na thamostati (vali inayodhibiti joto la injini), maana chumvi hukauka na kuziba njia za maji.

Mwaga petroli yote ya zamani na usafishe kabureta, kwani petroli hiyo huacha utando wa gundi unaoziba jeti, yaani vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, kisha zungusha injini taratibu kwa mkono. Halafu legeza skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameingia na sili (mipira ya kuzuia maji) zimekwisha. Oili mpya hujazwa kutokea tundu la chini mpaka ifurike tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Msafiri wa Himo: Naafiki, ila mimi ningeanza na trela, kwa sababu injini ikigoma utabaki ufukweni, lakini gurudumu likichomoka barabara kuu utaua mtu. Kupachika grisi kwa nje hakutoshi. Fungua habu (kitovu cha gurudumu), osha beringi, na ukiona kutu au vidoa, weka mpya pamoja na sili zake. Ukifika bwawani, acha habu zipoe kabla ya kushusha trela, kwani habu ya moto ikizama ghafla hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Usidanganywe na kashata za tairi: soma tarakimu nne ubavuni, ambapo 2315 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Springi zilizoliwa na chumvi zigonge kwa nyundo uone kama zinabanduka.

Mkazi wa Pasua: Nashukuruni sana. Je, oili ya chenso inafaa kuchanganyia, na naweza kujaribu injini nyumbani kwenye pipa?

Fundi Mstaafu: Oili ya chenso ni ya injini zinazopozwa kwa hewa, tafuta ya boti yenye alama TC-W3, na uwiano ufuate kitabu cha mtengenezaji. Pipa linafaa, mradi maji yafunike matundu ya kuvutia maji, propela iwe imetolewa na gia iwe huru. Injini ingurume polepole tu, na uzi wa maji usipochuruzika nyuma yake mapema, izime.