Treni ya milimani na matembezi na lama, Peru: mtu wa Lamu ataweza?

Bi wa Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa aliyefika. Binti yangu na mumewe wanafanya kazi ng'ambo, na wameng'ang'ania kwamba mwaka huu mapumziko ni Peru, na mimi niwemo. Mpango wao: tushuke ndege Cusco, kesho yake asubuhi tupande treni ya Puno kwenye Ziwa Titicaca, turudi tutembee milimani siku tatu mizigo ikibebwa na lama, wanyama wa huko, kisha tumalizie na treni ya Machu Picchu, yale magofu ya Wainka wa kale.

Mimi nina miaka sitini. Presha ninayo, ya dawa. Goti la kushoto hunisema nikipanda darini mara ya pili. Maisha yangu yote nimekaa usawa wa bahari, mlima ninaoujua ni vile vilima vya mchanga vya Shela. Je, huyo lama hupandwa? Treni inapanda mpaka wapi? Na chakula, kwa sisi wa halali? Nikimuuliza binti ananijibu "mama usijali", na hapo ndipo roho hunidunda.

Nahodha Mdogo (Malindi)

Shikamoo Bi mkubwa. Mimi Julai nilifika Nairobi tu nikalala na koti na soksi mbili. Nenda utuwakilishe.

Gadi Mstaafu (Malindi)

Wa alaykum salaam dada yangu. Mimi nimekula mshahara wa reli mpaka nikastaafu, kazi ya ugadi wa treni, na kijana wangu alinipeleka huko huko unakotaka kupelekwa wewe. Kwa hiyo nitasema kama mtu wa reli, na mbishi kidogo.

Mpango wa binti yako umesimama kichwa chini miguu juu. Cusco iko mita 3,400. Treni ya Puno inavuka mlimani La Raya, zaidi ya mita 4,300, na Puno kwenyewe mtalala kwenye mita 3,800. Mtu wa Lamu leo alazwe 3,400, kesho apitishwe 4,300! Hewa ya pale juu ina msukumo kama sita kwa kumi ya hewa unayovuta sasa hivi ukiwa barazani kwako. Sisi tulipokuwa tukipandisha treni hadi Timboroa, mita 2,700 na kitu, tulijiona tumegusa mbingu. Kule Timboroa ni bondeni.

Mwambie ageuze. Mkitua Cusco msilale hapo. Chukueni gari siku hiyo hiyo mteremke Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, ambako ni kama mita 2,800, mkae mpaka mwili uzoee. Anzeni na treni ya Machu Picchu, maana hiyo inateremka: mji ulio chini ya magofu uko karibu mita 2,000, magofu yenyewe 2,430. Wa pili awe lama. Treni ya Puno iwe ya mwisho kabisa. Mambo ni yale yale, mpangilio tu ndio umebadilika.

Sasa treni zenyewe. Ile ya Machu Picchu kutoka Ollantaytambo ni mwendo wa kama saa mbili hivi, imebanana na Mto Urubamba njia nzima. Upana wa reli yake ni milimita 914, nyembamba kuliko ile yetu ya zamani ya mita moja. Ukienda kaa kushoto, ndiko mto uliko. Beba mkoba mdogo, sanduku kubwa liache hotelini, hawalitaki ndani. Ni treni nzuri, sikatai, lakini bei yake ni ya kukamua na abiria nusu wamelala.

Ya Puno ndiyo treni. Reli pana, milimita 1,435, sawa na hii mpya ya Miritini, Mombasa, na ni safari ya kutwa nzima, saa kumi hivi. Behewa la nyuma lina baraza la wazi. Mimi nilihamia huko kama niko zamu, nikitazama mataruma ya reli yakirudi nyuma. La Raya treni husimama: kuna kikanisa kidogo, theluji kwenye vilele, na akina mama waliotandaza vitambaa vya sufu. Shuka polepole, usikimbilie picha, nimeona kijana mwenye misuli akikaa chini ghafla.

Halafu mji wa Juliaca. Soko limekaa juu ya reli, dada. Si kando, juu. Vitabu, skrubu, viatu, vyote vimetandikwa kwenye mataruma. Treni ikija watu wanavuta turubai na kujisogeza, bidhaa nyingine zinabaki zimelala katikati ya reli, mabehewa yanapita juu yake, na kabla gadi hajamaliza kuchungulia nyuma wamesharudi kuuza. Kwetu lingekuwa jambo la kumfukuzisha mtu kazi. Nilicheka mpaka mwanangu akaona haya.

(Iko nyingine ya juu zaidi, kutoka Lima kwenda Huancayo, inapita ndani ya handaki la Galera, karibu mita 4,800. Ilikuwa ya juu kuliko zote duniani mpaka Wachina walipofungua ya Tibet mwaka 2006. Ila hiyo ni ya mizigo hasa, na kwa presha yako achana nayo.)

Lama hapandwi na mtu mzima. Hubeba kilo 25 mpaka 30, basi, na masikio wamemtia vishada vya sufu vya rangi kama bibi harusi. Mwendo wake ni wa mtu asiye na haraka, hilo goti lako litalipenda. Lakini siku tatu njia ya Lares, ambako mnavuka pahala pa zaidi ya mita 4,400, mimi sikushauri. Yapo matembezi ya nusu siku na ya siku moja pamoja na lama, chini chini kidogo. Na binti asije akachanganya na ile njia maarufu ya Wainka: huko mizigo hubebwa na wapagazi, si wanyama.

Chakula hutalala njaa. Samaki wa maji baridi wa huko, trauti, yuko kila mahali, na viazi vya kila rangi, mayai, supu ya kinoa, punje zao za huko. Waambie mapema hutaki nyama wala mchuzi wa nyama. Kuna kijinyama mfano wa sungura mdogo wanakifuga jikoni na kukileta mezani kizima na meno yake. Utakiona kabla hujakiuliza.

Wa Punda (Langoni, Lamu)

Shikamoo Bi. Mzee Gadi, kilo thelathini? Punda wangu akibebeshwa hivyo anadhani amepewa likizo. Akizidishiwa mzigo huyo lama hufanya nini?

Gadi Mstaafu (Malindi)

Hulala chini. Hana kelele, hana teke, anakunja magoti na basi, mpaka upunguze. Mwenyewe hakumgusa hata na kijiti, alitoa begi moja akampa mwenzake. Kutema mate hutema, lakini zaidi hutemeana wao kwa wao wakigombea chakula. Ni jamii moja na ngamia, ana nyayo za vidole viwili zenye ngozi laini chini, kwa hiyo hachimbi njia kama kwato. Na damu yake imeumbwa kushika hewa hiyo chache, ndiyo maana wewe unahema yeye anatafuna.

Tena nikwambie kitakachokuuma roho mtu wa Lamu: lama huenda haja pahala pamoja, wote, kama wana choo.

Wa Punda (Langoni, Lamu)

Tuletee wawili wafundishe hawa wetu hapa mtaani.

Muuguzi wa Pwani (Malindi)

Shikamoo mama. Niongeze la afya. Mpangilio wa mzee Gadi ni sahihi. Ukishapita mita 3,000, pahala pa kulala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa usiku, na katikati mpumzike. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni kawaida ya siku za mwanzo. Lakini ukikosa pumzi ukiwa umekaa tu, ukikohoa mfululizo, ukiyumba kama mlevi au ukichanganyikiwa, hapo si kungoja asubuhi, ni kuteremka mara moja.

Ipo dawa ya kuusaidia mwili kuzoea, asetazolamidi, lakini usiinunue dukani kwa kukisia. Hukojosha, na ukiwa tayari unameza dawa za presha lazima daktari wako azipange pamoja. Mwambie pia kama una mzio wa dawa za salfa. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya safari.

Na chai ya majani ya koka: huko ni halali kisheria, utaletewa hata mapokezi ya hoteli. Kurudi nayo Kenya ni kosa, hata kifuko kimoja ndani ya mkoba. Kama huitaki omba ya munya, ni mmea wao wenye harufu ya mnanaa.

Bi wa Mkomani (Lamu)

Mungu awalipe nyote. Nimempigia binti jana usiku, nikamsomea yote. Mkwe wangu ndiye aliyepanga, akanyamaza kidogo halafu akauliza huyo gadi ni nani. Wamekubali kuteremka bondeni kwanza, na lama ni siku moja. Wamechagua Juni. Nimebakiwa na mawili: baridi ya Juni ikoje, na kwenye hilo baraza la treni nitaweza kusimama na buibui langu upepo ukivuma?

Gadi Mstaafu (Malindi)

Juni ni kiangazi chao, mvua hakuna, mchana jua kali la kuunguza pua, usiku huko juu maji huganda. Vaa nguo nyepesi nyingi kuliko moja nzito, na suruali ya sufu ndani ya buibui, hakuna atakayeijua. Beba tangawizi yako, lakini chai usiitegemee: kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa kama nyuzi 87, majani hayatoi rangi ya kueleweka na wali hubaki na kiini.

Baraza lina ukuta mpaka kiunoni na chuma cha kushika. Buibui lifunge kiunoni kwa leso, mtandio upige pini. Nenda mapema, kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo limejaa watu na simu zao, utaona migongo tu.