Njia ya miguu kutoka Gede kupitia msituni hadi kilima cha Nyari: naomba ushauri

Binti Shella (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Mimi ni mkazi wa Malindi, na mwezi ujao nakusudia kutoka kijiji cha Gede kwa miguu pamoja na jamaa zangu watano, tuupite msitu wa Arabuko-Sokoke hadi kile kilima cha upande wa magharibi kiitwacho Nyari, ambako husemwa kwamba mtu akisimama ukingoni huuona msitu umetandazwa chini yake hadi baharini. Miongoni mwetu yumo mjomba wangu mwenye umri wa miaka 67, mzaliwa wa Gede, na kwa kweli safari hii ni yake kuliko yetu: husimulia kwamba ujanani walikuwa wakiuvuka msitu huo kwa siku moja, wakilala kwa jamaa upande wa pili na kurudi kesho yake. Ramani ya simu inanionyesha mstari mwembamba unaotoka karibu na barabara kuu ya Mombasa na kunyooka hadi huko, lakini utingo mmoja wa matatu aliniambia nisiuamini.

Je, njia hiyo ipo? Mzee wa umri huo ataweza kwenda na kurudi kwa siku moja? Na je, ni lazima tuwe na mwongozaji, ilhali mjomba anajihesabu kuwa yeye ndiye mwongozaji?

Kijana wa Mambrui

Dada, unajitaabisha bure. Nyari naijua vizuri, nayo iko Marafa, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Malindi, na wala hapana msitu wa kupita. Nenda jioni, jua likianza kushuka, uone zile kuta za mchanga zinavyobadilika kutoka nyeupe hadi rangi ya chungwa na nyekundu iliyokolea. Mjomba wako ataketi kivulini bila ya kutembea hata nusu saa.

Mzaliwa wa Mijomboni

Kaka wa Mambrui hakukosea kuhusu Marafa, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa. Nyari ni mbili. Jina hili kwa Kigiriama hufahamika kuwa ni mahali palipokatika penyewe, kwa hiyo si ajabu kwamba lile bonde la Marafa na ule ukingo wa Arabuko-Sokoke yote mawili yameitwa hivyo. Anayokusudia dada ni ile ya msituni. Ningependa pia kumtahadharisha asitarajie mlima: upande wa Gede ardhi ni tambarare ya pwani, na huko magharibi inapanda hadi kati ya mita 60 na 200 tu juu ya usawa wa bahari. Kinachopafanya pahali pale papendeze ni kwamba baada ya saa nyingi za kutembea huku huoni mbali kuliko hatua ishirini, ghafla miti inakuachia na unaona kila kitu.

Mpenda Mrihi

Dada Binti Shella, mimi nimeupita msitu huu kwa miguu zaidi ya mara moja, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako kuhusu mzee si jambo la kujibiwa kwa neno moja.

Msitu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, nao si msitu mmoja. Ukiingia kwa upande wa Gede unapita kwanza katika msitu mchanganyiko, wenye kivuli kizito, ambao hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine. Hapo miguu haina taabu, na mkitembea kimya mnaweza kumwona yule sange mkubwa, mnyama mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, akipekua majani makavu, kiumbe ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu. Taabu huanza mnapofika kwenye mirihi. Miti ni mizuri, imeachana kama minazi ya shamba lililotunzwa, lakini mchanga wake ni mweupe na laini, unazama kila hatua, na kivuli ni chepesi. Mimi nikiwa na umri wa miaka 40 ndipo nilipojuta. Mwisho ni udongo mwekundu wa magharibi, ambako mti unaotawala ni ule wataalamu wa mimea wanaouita Cynometra, na vichaka hubana hata mtu hawezi kutoka nje ya njia akitaka. Bundi mdogo wa Sokoke, ambaye watu husafiri kutoka mbali kuja kumtazama, hukaa humo, ingawa peke yako hutamwona.

Tulipokwenda sisi ilituchukua karibu saa nne kufika Nyari, na tulikuwa vijana wasio na mizigo. Kurudi siku hiyo hiyo kwa miguu tulikataa sote bila ya kupiga kura. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mjomba asitembee kwenda na kurudi. Achague upande mmoja.

Kuhusu mwongozaji, naomba usisite hata kidogo. Mjomba anaijua njia ya zamani, lakini hazijui habari za ndovu za jana. Ndovu wamo, nao hupita njia zile zile tunazopita sisi kwa sababu ndizo rahisi, na katika vichaka vya magharibi unaweza kuwa hatua kumi kutoka kwake usimwone. Nendeni kwenye ofisi ya msitu pale Gede, siku moja kabla, mlipe ada, mwombe mwongozaji na mwulize kama mtahitaji askari wa wanyamapori.

Fundi wa Langoni

Nikiwa Lamu sina la kusema juu ya mwendo, ila juu ya ule mstari wa ramani ninalo. Sisi mafundi wa milango tuliwakuta wazee wetu wakiusifu mbambakofi wa bara hiyo, na magogo hayakutoka msituni yenyewe. Yalikatiwa njia zilizonyooka. Ukataji ukishasimama, njia hujifunga kwa miba katika misimu michache, lakini mchoro hubaki. Utingo wako alisema kweli.

Mama wa Mida

Mwanangu, hapa wote wamesahau maji. Juu ya ule mchanga mweupe kila mtu abebe lita tatu, na mzee asiachiwe kubeba za kwake. Msiende masika, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa unateleza kama bamia, na msichelewe kuanza: saa 12 na nusu asubuhi muwe mmekwisha kuingia.

Kijana wa Mambrui

Nakubali kusahihishwa kuhusu Nyari. Hata hivyo napinga suala la asubuhi. Bahari iko mashariki. Ukifika ukingoni saa 4 jua liko usoni mwako na utaona ukungu mtupu. Mandhari ya pale yanataka alasiri, jua likiwa mgongoni.

Mpenda Mrihi

Kaka amesema jambo ambalo na mimi nililijua nikalinyamazia, kwa kuwa yule anayefika alasiri kwa miguu hana tena mwanga wa kurudi. Ila likiunganishwa na habari ya mzee linatoa jibu zuri. Tembeeni asubuhi kutoka Gede, polepole, mkipumzika kwenye mirihi, mfike Nyari adhuhuri na mle chakula kivulini. Mwambieni dereva mwenye gari la kuhimili mchanga aje kuwachukua saa 10 jioni, baada ya kuiona bahari. Mwongozaji ndiye atakayewaambia kama njia ya gari inapitika wiki hiyo.

Binti Shella (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mjomba majibu haya neno kwa neno. Alicheka aliposikia habari ya ndovu za jana, kisha akakubali mwongozaji kwa sharti kwamba huyo atangulie yeye amfuate wa pili, mbele ya sisi wengine. Gari nalo amelikubali, ingawa anasema kwamba ataliita gari la wanawake. Limebaki moja: ameshaandaa shati lake la safari, ni jipya na la rangi ya buluu iliyokolea. Je, lina ubaya?

Mama wa Mida

Ubaya upo. Mbung'o wa msitu ule huvutwa mno na buluu na nyeusi. Avae la kaki au la kijivu, na hilo jipya alitie mkobani, alivae mkisharudi Gede.