Perege wangu wamegoma kukua

Wakuu, nina bwawa Pongwe, Tanga. Nilipanda vifaranga 600, dume na jike pamoja. Juzi navua: samaki kibao, wote saizi ya kiganja cha mtoto, na majike wana mayai mdomoni! Mama watoto anasema nafuga dagaa. Mbegu mbovu?

— Mbegu haina kosa, ndugu. Perege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi. Wazazi na watoto wanagombea pumba ileile. Kila mmoja anapata cha kuishi, si cha kunenepa.

— Panda madume matupu. Au tia kambare wachache wapunguze vifaranga, ila wawe wadogo kuliko perege wako, la sivyo utalia.

Kambare wa Mto Zigi wanafaa?

— Wanafaa. Ila wewe punguza perege kwanza.