Mrejesho: ile trela yangu na dram za breki

Wadau, niliwauliza kama nichonge tu dram (vyuma vya duara vinavyobanwa na breki kwa ndani) za trela yangu ya kambi ama nibadilishe na ekseli pia, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, vile gurudumu la kushoto lilikuwa linachoma na tairi inalika upande wa ndani. Sasa fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, ameinua na jeki akapima, ekseli imepinda, na sili (mpira wa kuzuia grisi isitoke kwa beringi) imevuja grisi yote ikaingia kwa viatu vya breki, hapo hakuna kuosha ni kutupa. Nimeweka ekseli mpya, dram, beringi na sili pande zote mbili, maana ukibadilisha upande mmoja tu, breki zinavuta trela upande. Mlionisisitizia nipime ekseli kwanza asanteni sana, kweli mmeniokolea pesa. Jumapili nimeshuka ule mteremko mrefu wa Mai Mahiu nikiivuta, chini nikasimama nikagusa dram, vuguvugu tu zote. Nati za magurudumu nikazikaza tena hapo hapo.