Miezi minne kabla ya GMAT: nianzie wapi?

Swali:
Nimebakiza miezi minne kabla ya GMAT, mtihani wa kujiunga na shahada za uzamili za biashara, na kwa kuwa ninashinda kazini, ninapata saa mbili tu za kusoma usiku. Je, nianze na hesabu, ambazo niliziacha tangu shuleni, au nigawe muda sawa kwa sehemu zote tatu?

Jibu la kwanza:
Usigawe sawa. Fanya kwanza jaribio zima la saa 2 na dakika 15, ndipo utakapojua unapovuja. Mimi niliogopa hesabu, kumbe alama zilikuwa zikinipotea kwenye uchambuzi wa data, ambako maswali 20 hujibiwa kwa dakika 45.

Jibu la pili:
Naunga mkono, ila weka pia daftari la makosa: andika swali, sababu ya kukosea, na (hapa wengi huruka) dalili ambayo ungepaswa kuiona mapema. Sehemu ya hesabu hairuhusu kikokotoo, hivyo zoea kukokotoa asilimia na uwiano kwa mkono.

Muulizaji:
Asanteni. Na majaribio kamili niyaweke lini?

Jibu la kwanza:
Mwezi wa mwisho, moja kila wiki. Jizoeze pia kurudia maswali, maana unaruhusiwa kubadili majibu matatu tu katika kila sehemu.