Naomba ushauri: hita ya gesi inazimika nikiachia kitufe

Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninaishi Njombe mjini, na kwa baridi hii ya mwezi wa saba nimekuwa nikitumia hita ndogo ya gesi ya kubebeka, ambayo sasa inanisumbua: nikikandamiza kitufe mwali mdogo wa kuwashia unawaka, lakini nikikiachia, hata baada ya kukishikilia sekunde 30 nzima, unazimika papo hapo.

Nimekwisha kupaka povu la sabuni kwenye regileta na mpira, na hakikutokea kiputo hata kimoja. Katika tundu la mwali nilikuta utando wa buibui (hita ilikaa stoo tangu Septemba). Nilipousafisha, mwali uligeuka kutoka njano kuwa bluu, ila tatizo likabaki.

Mimi naishuku themokapo, kile kijiti kinachohisi joto la mwali na kuiacha valvu wazi, kwa kuwa ncha yake imejaa masizi. Fundi mmoja, hata hivyo, anasema kosa ni la kihisi cha oksijeni, ambacho huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, huzima hita kwa wepesi wa hewa tu, na akashauri tukiondoe. Hilo nimelikataa, maana watoto hukaa chumba hicho na hewa ya sumu ya gesi isiyoungua vizuri haina harufu.

Je, themokapo hupimwaje kwa mita ya umeme, na inapaswa kusoma milivolti ngapi, kabla sijaagiza nyingine Mbeya? Na aliyetumia hita yenye kihisi hicho Njombe au Makete, ilimkubalia?