Acheni kuwaingiza chaka wanaoanza Project Zomboid

Wakuu,

Kila wiki anaingia mtu mpya humu na swali lile lile: nimeanza Project Zomboid, lile gemu la kunusurika kati ya mazombi, nakufa siku ya kwanza, nifanyeje? Na kila wiki anajibiwa upuuzi ule ule. Katafute bunduki West Point. Unapotengeneza mhusika chagua kasoro ya uziwi upate pointi za kununulia sifa nzuri. Kimbilia Louisville, jiji kubwa la ramani, huko kuna kila kitu. Wachome moto wote. Mgeni anabeba ushauri huo, hafiki hata usiku wa kwanza, anarudi kuuliza kakosea wapi, mnamcheka. Tumezoea kusikia mgeni njoo mwenyeji apone. Humu mwenyeji ndiye anayemchimbia mgeni kaburi, tena kwa kujimwambafai.

Naanza na bunduki maana ndiyo inayonikera kuliko zote. Mazombi wa gemu hili wanafuata sauti. Ukifyatua shotgani hujaua zombi mmoja tu, umepiga la mgambo: mtaa huo na wa jirani wote wanakuja. Anayeanza ana kiwango sifuri cha kulenga, hofu ikimpanda shabaha inazidi kuharibika, na kupakia risasi kunataka sekunde ambazo hana. Halafu mnamtuma West Point, mji wenye msongamano, akatafute chombo cha kuwaita waliobaki. Bunduki ni ya mtu mwenye gari linalowaka, njia ya kutokea na maboksi kadhaa ya risasi. Mgeni hana hata kimoja.

Kinachomuua mgeni ni kelele na uchovu. Hayo mawili hamuyaandiki.

Kelele inaanzia kwenye kibodi. Ukigusa Q mhusika wako anapaza sauti kuita watu. Ndani ya gari kitufe hicho hicho ni honi. Nani kati yenu amewahi kumwambia mgeni hilo kabla ya kumpa hotuba ya silaha? Kuvunja dirisha nako ni kelele, kwa hiyo zunguka nyumba kwanza ujaribu kila dirisha kwa E, huenda moja halina komeo. Ukilazimika kuvunja, ondoa vioo vilivyobaki kwenye fremu kabla ya kupanda, vinginevyo utaingia unavuja damu. Baadhi ya nyumba zina king'ora na hutajua mpaka kilie, ndiyo maana njia ya kutokea unaijua kabla hujaingia. Kikilia, usibaki kupekua makabati. Ukiona mlango wa ndani umefungwa, ufungue, rudi nyuma mpaka uwanjani, waliomo wakufuate nje kwenye nafasi. Korido nyembamba haina pa kurudi.

Uchovu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani kama adui. Tazama alama zinazotokea juu kulia kwenye skrini. Ile ya mtu anayehema ikitokea, mapigo yako yameshapungua nguvu. Zombi aliyekuwa anakufa kwa matatu sasa anataka mengi zaidi, na wewe unazidi kuchoka kumpa. Mzigo mzito nao unakumalizia pumzi, kwa hiyo tua begi chini kabla ya kupigana, utalirudia. Kukimbia kwa Shift kunatosha kuwaacha mazombi wa mpangilio wa kawaida. Alt ni mbio za kufa na kupona: zinamaliza pumzi upesi, na ukigusa zombi au ukipita kwenye miti unaweza kujikwaa na kulala chini katikati yao. Ukishapata upenyo, keti, pumua mpaka alama iondoke, ndipo urudi.

Sasa jambo ambalo lingeokoa wageni kuliko nyuzi zenu zote: uzio mfupi, ule wa kufika kiunoni. Simama upande wa pili, hatua moja nyuma yake. Zombi akifika haruki, anajiburuza juu na kuanguka kifudifudi mbele yako. Shikilia kitufe cha kulia cha kipanya kulenga, elekeza kichwani, piga kabla hajainuka. Rudi hatua, msubiri wa pili. Wakianguka watatu kwa mpigo, usijifanye shujaa. Ondoka, zunguka, vuka uzio mwingine, waanze upya mmoja mmoja. Uwanja ukiwa hauna uzio, sukuma kwa Space, aliyeanguka mpige yuko chini. Ukiwa kwenye modi ya Apocalypse pigo moja linampata zombi mmoja tu, kwa hiyo kuchapa kwa gongo katikati ya kundi ni kujitolea kuwa chakula. Kikaango cha jikoni kinatosha kuanzia. Mtaimbo ni bora kwa sababu hauharibiki haraka. Kisu cha jikoni kinavunjika mapema na kinakulazimisha umsogelee mno.

Majeraha: mchubuko wa zombi una uwezekano wa asilimia 7 kukuambukiza, mkato asilimia 25, kung'atwa asilimia 100. Ameng'atwa, amekwisha, acheni kumwambia atafute dawa, hakuna. Lakini pia msimzike mtu mwenye mchubuko. Bendeji chafu unabadilisha, kidonda unakisafisha kwa dawa, na kidonda kuoza si ugonjwa wa zombi, ni vitu viwili tofauti. Kichefuchefu nacho si hukumu: kukaa karibu na maiti nyingi kunakuletea, na chakula kilichoharibika pia. Basi hamisha maiti mbali na mlango wako, au hama wewe.

Uziwi. Katika Build 41, yaani toleo la 41 la gemu, unatoa pointi 12, ndiyo. Mnampa mtu asiyejua kusoma skrini ushauri wa kuzima masikio katika gemu ambalo sikio ndilo linakuambia kuna mtu nyuma ya mlango! Mkitaka apate pointi, mpeni uvutaji sigara, pointi 4. Sigara na kiberiti zipo kwenye mifuko ya maiti. Kuona mbali kwa shida ni pointi 2, na miwani inalitatua. Kiu ya haraka ni pointi 6, na maji ya bomba yapo siku za mwanzo. Kuliko hayo yote, mwambieni afungue Sandbox, modi ya kujipangia masharti ya gemu, apunguze idadi ya mazombi. Anajifunza, hafanyi mtihani wa taifa.

Mji wa kuanzia: Rosewood au Riverside. Rosewood ni kamji kadogo, kana kituo cha zimamoto ambako shoka linaweza kupatikana. Gereza lililo karibu asiliguse. Mji wa Muldraugh asubiri. Louisville asahau kabisa.

Maji na umeme vinakatika siku yoyote ndani ya siku 30 za mwanzo, na Kentucky ya Julai 1993, ambako gemu linaanzia, haina ratiba ya mgawo. Siku ya kwanza jaza kila chupa na kila sufuria. TV iwekwe chaneli ya Life and Living saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, wiki ile ya kwanza, maana vipindi vyake vinakupa ujuzi wa useremala na upishi ukiwa umeketi ndani. Sauti chini, mapazia yamefungwa. Dirisha lisilo na pazia, tundika shuka. Kuziba kwa mbao ni ubao mmoja, misumari miwili na nyundo kila safari, mpaka mbao nne kwa upande. Msizibe kila kitu! Dirisha moja la ghorofani liachwe na kamba ya mashuka.

---

Jibu la 1

Mkuu punguza jazba. Moto unafanya kazi, chupa moja ya petroli inaondoa kundi zima. Kwa nini mgeni anyimwe?

Jibu la mwenye uzi

Kwa sababu zombi anayeungua haanguki palepale, anaendelea kukufuata akiwa tochi. Anapita kwenye ukuta wa mbao wa nyumba uliyolundika makopo yako, nyumba inashika. Moto ni kwa mtu anayesimama barabarani, hana cha kupoteza nyuma yake, na upande wa kukimbilia uko wazi. Ukimshauri mgeni, andika na hayo, usiandike nusu.

---

Jibu la 2

Naunga mkono, ila umeruka jenereta, na hapo ndipo watu wanajiua kimya kimya. Jenereta haiwashwi kwa kuiokota tu. Soma kwanza jarida la How to Use Generators, au uwe umechagua kazi ya fundi umeme. Iweke nje. Ndani ya chumba moshi wake unakuua huku friji inafanya kazi vizuri. Inafikia vigae (miraba ya ramani) 20 kuizunguka, kwa hiyo hakuna sababu ya kulala nayo. Inaunguruma pia, wataisikia, safisha eneo kabla ya kuiwasha. Umeme ukikatika pampu za petroli nazo zinakufa, mpaka upeleke jenereta nyingine karibu na kituo. Jaza madumu mapema.

Na maji: pipa la mvua linataka useremala kiwango cha 4, mbao 4, misumari 4 na mifuko ya taka 4. Maji yake usinywe hivi hivi, yachemshe. Ukiliweka pipa ghorofa moja juu ya sinki na kuliunganisha kwa spana ya bomba, yanayotoka bombani yanakuwa safi. Hayo yote ni Build 41.

Jibu la mwenye uzi

Asante. Hicho ndicho ninacholilia, kiasi na sababu.

---

Jibu la 3

Kupunguza mazombi kwenye Sandbox ni kudanganya. Tulijifunza kwa kufa, na wao wafe.

Jibu la mwenye uzi

Umejifunza nini kama ulichobaki nacho ni roho mbaya? Waliotengeneza gemu wameweka vitufe hivyo vitumike. Mgeni apunguze idadi, hata maambukizi ayazime mpaka azoee uzio na pumzi, kisha apandishe moja baada ya jingine. Akitaka kufa kila dakika kumi, atakufa kwa hiari yake, si kwa sababu wewe unaona kupunguza ni aibu.

---

Jibu la 4

Hamjagusa magari. Funguo mara nyingi ziko kwenye gari lenyewe, chini karibu nalo, au kwa zombi aliye jirani. Kuwasha kwa waya kunataka umeme kiwango cha 1 na umakanika kiwango cha 2, au uwe mwizi kwa kazi. Na mwambieni mgeni gari si kifaru: kila zombi unayemgonga anakula boneti, boneti ikiisha inafuata injini, unabaki katikati ya barabara na honi tu.

---

Jibu la 5

Mimi niko Build 42, mbona mtaimbo unaniumiza mkono?

Jibu la mwenye uzi

Hapo ndipo hasira yangu inaongezeka. Build 42 ilitoka kama toleo lisilotulia Desemba 2024 na imeleta uchovu wa misuli: ukipiga mfululizo mkono unauma na mapigo yanalegea, hata kama pumzi unayo. Miongozo mingi inayozunguka humu ni ya 41 na aliyeiandika hajaweka namba ya toleo popote. Ua wachache, pumzika, badilisha kutoka silaha nzito kwenda nyepesi. Ukitaka kufuata kilichoandikwa juu kama kilivyo, rudi 41 kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya matoleo ya majaribio. Na nyinyi mnaoandika miongozo, mstari wa kwanza uwe namba ya toleo, la sivyo nitaripoti uzi.